Yule Kaka wa Kwenye Televisheni

Ghubra, Maskati
9 Januari 2025

Mjukuu wangu Taghreed,

Assalaam alaykum. Natumai wewe na kifua chako mu wazima katika baridi hiyo ya Uingereza. Sisi hatujambo, alhamdulillahi. Aika, msichana wangu wa Moshi anayenitunza, anakusalimu. Picha yako nimeiona, umenawiri mashallah.

Umeniuliza macho. Macho yapo mahali pake. Ahadi yangu sikuisahau: siku nitakaposhindwa kufuata michezo yangu ya Kiingereza, siku hiyo nitampa daktari huyu mtoto wa jicho amtoe. Nimezaa saba, huyu wa nane hajanisumbua. Marehemu dada yangu jicho lake liliguswa likafa, nami nna akili zangu. Basi shika ushahidi kuwa nafuata.

Ule wa zamani, wa majirani wawili wanaogombania ua la mpakani, ndio mchezo. Urudiwe mara ngapi, mimi nnacheka. Watu wanabisha hodi, wanavua kofia, wanatukanana kwa adabu, na kabla uji haujapoa ugomvi umekwisha. Huo mpya unaousifu wewe, wa mpelelezi wa bandarini, haukunipendeza. Wanamumunya maneno utadhani wana haluwa mdomoni. Halafu giza! Waingereza walitawala nusu ya dunia, leo kuwasha taa kumewashinda?

Bibi yako

*

Sheffield
20 Januari 2025

Shikamoo Bibi,

Mimi mzima, kifua kimetulia, masomo yananikimbiza lakini nayakimbilia nyuma. Nimefurahi kukusikia una nguvu za kugomba.

Kuhusu giza umesema kweli, na si peke yako. Hapa kila mtu analalamikia tamthilia za siku hizi. Joy, Mkenya ninayekaa naye, hupandisha mwanga wa skrini mpaka mwisho na bado anauliza nani amekufa. Lakini Bibi, usimhukumu mpelelezi wangu kwa sehemu moja. Kwenye michezo yako ya zamani mwanamke kazi yake kumimina chai na kushtuka. Huyu anaendesha kituo kizima, na yule fundi wa boti anayempenda ndiye anayemsubiri na chakula. Watazame mpaka sehemu ya nne, kisha uniambie. Huku siku ile watu walishangilia utadhani mpira.

Julai nakuja. Sijasahau ahadi, nami.

Mjukuu wako

*

Ghubra
13 Februari 2025

Taghreed,

Marahaba, na salamu nyingi. Afya njema, ila nna hasira.

Nimemtazama mpelelezi wako mpaka hiyo sehemu ya nne. Haya gani hii! Kaka na dada, tumbo moja, wanabusiana mdomoni juu ya gati, na watu wanapita! Mama yao yuko wapi? Kikombe kilinitoka mkononi, kikavunjika. Na wewe unanambia watu walishangilia. Nimempigia jirani yangu Sayyida kumuonya asiwawekee wajukuu zake.

Uchafu wenyewe umeambukiza hata mchezo wangu wa majirani. Mchezo uliochezwa bustanini, juani, jana giza tupu, ua lenyewe sikuliona. Wameuchakaza kwa kuurudia.

Barua hii nasema kwa mdomo, simu yaandika yenyewe, basi makosa si yangu. Picha yako ya pili nayo nimeiona. Umenenepa, umependeza.

Bibi yako

*

Sheffield
15 Februari 2025

Bibi yangu, shikamoo,

Nilicheka mpaka Joy akatoka chumbani kwake kuuliza kuna nini. Kisha nikalia.

Wale si ndugu, Bibi. Mpelelezi katoka mji mwingine kabisa, na wanajuana tangu sehemu ya kwanza tu, alipompelekea yule fundi boti itengenezwe. Nikajiuliza undugu huu Bibi kautoa wapi. Ndipo nikamkumbuka Aika. Huko kwao bara kila kijana ni kaka na kila msichana ni dada, hata muuza maji asiyejulikana. Aika kakwambia, "Yule kaka anambusu yule dada," nawe ukaipokea kwa Kiunguja chetu, kaka wa tumbo moja.

Nimempigia, na usimgombeze, nilimbana mimi. Kasema maandishi ya Kiarabu chini ya skrini huyasomi tangu kiangazi. Yeye anasikiliza Kiingereza, anakusimulia, nawe unanitumia maoni. Hata barua zangu simu ndiyo inayokusomea. Ua hukuliona kwa sababu huoni, Bibi. Jua lipo pale pale.

Ahadi ni deni. Naogopa nije Julai nisimame mbele yako, uniulize nani.

Mjukuu wako

*

Ghubra
2 Machi 2025

Marahaba. Aika nimemgombeza, kisha nikamtaka radhi, maana hakusema uongo, kasema Kiswahili cha kwao. Wewe uliyekwenda kunichunguza ndani ya nyumba yangu bado sijakusamehe. Ramadhani njema.

Bibi yako

*

Sheffield
20 Aprili 2025

Shikamoo Bibi,

Iddi imepita, hujaniletea hata neno. Kila nikipiga simu Aika anasema umelala. Mtu mzima halali mchana kutwa na usiku kucha. Kama ni hasira, basi nimeshindwa mimi, ahadi nimeifuta, nambie tu kwamba u mzima. Msimu mpya wa mpelelezi umeanza na sijautazama. Bila wewe kuutukana hauna ladha.

Mjukuu wako

*

Ghubra
8 Mei 2025

Taghreed, mtoto wa mwanangu,

Assalaam alaykum, na marahaba zote ulizonidai. Barua hii naiandika kwa vidole vyangu.

Nilinyamaza kwa makusudi. Jicho likifa, nilitaka uje ujionee, usikae huko kulia na mitihani. Niliogopa sana, nakwambia wewe tu. Aika alinishika mkono mpaka mlangoni pa chumba cha daktari, na tulipofika ndiye yeye aliyetaka turudi nyumbani. Mtoto wa jicho la kulia katolewa salama. La kushoto ni mwezi ujao, baada ya Iddi ya Mfunguo Tatu.

Sasa maoni yangu, haya ya kuona. Mpelelezi wako ni mzuri kuliko nilivyosema, lakini kwa wale majirani hafui dafu. Giza lipo, hilo si jicho langu, ni wao wenyewe, wawashe taa. Na yule kaka, maana nimeshazoea kumwita hivyo, Aika alinisifia kijana mzuri. Kumbe ana upara, na masikio yamemsimama! Yule dada angepata bora. Sayyida nimeshamwambia si ndugu, lakini bado hataki wajukuu wawatazame.

Jengine. Zile picha zako nilikuwa nikiona kivuli, nikakujibu umenawiri, umenenepa. Leo nimezitazama zote, moja moja, karibu na dirisha. Umekonda, mwanangu. Mashavu yamekwisha, na kwenye ile ya mwisho ulikuwa umetoka kulia. Nawe ukanyamaza, ukaacha nikusifu.

Nipigie leo, kwa picha, usiniandikie. Na usijipake kitu usoni.

Bibi yako