Nati ya oili

Swabir, nimeiua injini ya marehemu Idrisa. Kwa mikono yangu mwenyewe!

Nakuandikia kwa kompyuta ya hoteli.

Ile pikipiki ya mashindano niliyoiunga: fremu ya Kiingereza, magurudumu ya Kicheki, injini ya Kijapani. Babake Idrisa, Mzee Abdurahman, aliihifadhi injini hiyo chini ya kitanda tangu mwanawe afariki mwaka wa tisini na mbili. Alitaka aisikie tena, basi.

Jana nati ya kumwagia oili ilipotea. Nikachukua nyingine kwenye kopo la vyuma vya Kiingereza. Iliingia kwa shida, nikasema vizuri, haitalegea. Haitalegea! Miaka yote hii ya ufundi, nasahau kwamba meno ya nati za Kiingereza na za Kijapani hayakubaliani?

Leo nikaijaribu mchangani Msambweni. Mzee aliposikia ule mngurumo alilia. Mara nati ikachomoka, oili ikamwagika yote, injini ikanoki, ikakwama kabisa. Kimya.

Hakunigombeza, Swabir. Alilishika tangi akauliza, "Imechoka tu, sivyo, mwanangu?"

Nikamjibu, "Ndiyo, baba. Imechoka tu."

Tuliisukuma hadi gereji, nimemwacha huko. Amevuta kiti karibu nayo, anaingoja ipumzike.