Shati la Jumamosi

Baba Mwamba, mume wangu uliyelala,

Nakuandikia jikoni, mchana, maharage yakiwa motoni. Sina machozi. Nitaeleza kwa mpangilio.

Masika mawili baada ya kukuzika niliolewa tena. Kasongo ni fundi wa umeme kwenye bwawa la Koni, mtu mpole. Lakini akinigusa, ni kama anamgusa mwanamke mwingine, nami nimesimama pembeni nikitazama.

Dada yako alikuja kutoka Kambove na sababu yake. Ulipokufa, padri alikataza desturi ya kumtakasa mjane, kwa hiyo ndugu zako walinipaka unga tu. Dada yako akasema:

"Kifo ingali mu mwili yako, bamama. Ile unga ilikuwa muchezo ya batoto."

Anataka binamu yako alale nami mara moja, ili unitoke. Kasongo amechoka kukataliwa na mwili wangu, akakubali. Natakiwa kujibu Jumapili.

Nilikwenda zahanati. "Citoyenne, mwili yako haina kitu," muuguzi aliniambia, akiniita mwananchi kwa Kifaransa cha ofisini. Sikumwamini.

Kisha juzi jirani alikuwa akipiga pasi nje. Alinyunyiza maji kwa mdomo, kama wewe, na harufu ya nguo mbichi na makaa ikavuka ua. Nilishika ukuta. Mwili wote uliamka, mchana kweupe, bila mkono wa mtu.

Unakumbuka Jumamosi zetu? Ulipiga pasi shati lako mwenyewe barazani, na wanaume wa nyumba za kampuni wakakucheka.

"Bibi yako iko mugonjwa?"

"Hapana. Iko anangojea."

Ukanitupia jicho, basi. Hukunigusa hadi jioni. Lakini tangu jicho lile nilikuwa nimeshakuwa wako. Nilitia mboga chumvi mara mbili, na wewe ukaila yote bila neno. Kazi kubwa ilifanyika kichwani mwangu. Kitandani tulimalizia tu.

Basi kifo hakimo mwilini. Nilimweleza Kasongo. Akauliza, "Miye pia nipige pasi?"

"Hapana. Ile iko na mwenyewe."

"Sasa nifanye nini?"

"Uniongeleshe mchana."

Leo, kabla lori la zamu halijamchukua, alisimama mlangoni akizungusha kofia mikononi.

"Mama Mwamba... nitarudi mangaribi, jua ikishuka. Nywele yako, usiifunge."

Sikuhisi kitu. Nilirudi kuchambua maharage. Dada yako nimempelekea neno: sikubali, na binamu asisumbuke. Nilitamka hivyo bila hasira, kama mtu anayetaja bei ya chumvi.

Sikufukuzi, Baba Mwamba. Shati la Jumamosi libaki lako. Ila usinisubiri tena barazani.

Sasa nasikia harufu: maharage yameungua. Na kitambaa changu cha kichwa kiko hapa mezani, kando ya karatasi. Sikumbuki nilikivua saa ngapi.

Lala salama.

Mjane wako, mke wa mtu