Kofia ya Shemeji

Nyalukemba, Bukavu

Kwako Wabiwa, dada yangu,

Kwanza nikuulize juu ya goti lako la kuume: lingali linakusumbua wakati wa mvua, ao limeshachoka lenyewe? Watoto wanakula vizuri? Majani ya nyumba yangali yanazuia maji? Sisi huku tuko, hakuna mugonjwa. Mimi nimenenepa. Juzi kifungo cha katikati cha koti yangu ya abakosi kiliruka darasani, wanafunzi wakakitafuta chini ya mabanki kwa furaha ambayo sijawahi kuiona wakati wa hesabu.

Barua yako ilifika. Dereva wa kamiyo ya mafuta ya mawese aliniwekea mukononi. Ni juma tatu sasa iko mufukoni mwangu. Uliandika kwamba matanga ya marehemu bwana yako yanakaribia kuondolewa, kwamba mudogo wake anataka kukurithi, wewe na nyumba, na kwamba wewe hutaki. Wazee wa kwao wamesema: “Muke hajibu peke yake. Tunangoja neno la kaka yake.” Baba hayuko, kwa hiyo kaka ni mimi. Nilielewa yote tangu siku ya kwanza. Juu ya nini sikujibu, nitakueleza, lakini nitapitia kwanza kwenye sinema. Unanijua, sijawahi kufika mahali kwa njia fupi.

Kila siku ya Mungu, kisha misa na chakula cha saa sita, padri anafungua mashini ya filme katika ukumbi wa paroisi. Filme inasema Kifransa. Mimi ninasimama na mikro kando ya kitambaa cheupe cha filme, ninaiweka katika Kiswahili. Hailipi kitu, inalipa sifa tu. Nikisema “Sasa wanapigana,” ukumbi mzima unajibu: “Tunaona, Mwalimu!”

Siku moja, barua yako iko mufukoni, ilikuwa filme ya mujane mumoja wa inchi ya baridi. Bwana yake ameangukiwa na muti, amemuachia shamba la ngano. Mudogo wa bwana anafika na masanduku yake, anaweka kofia juu ya meza kama mutu ambaye amefika kwake, anamwambia: “Shamba linataka mwanaume. Nikuoe?” Padri hunionyesha filme siku moja mbele, ili nisipotee, kwa hiyo nilijua jibu la yule muke. Anasema hapana.

Lakini katika banki ya mbele aliketi Muzee Kitoga. Unamukumbuka, rafiki ya baba, ndiye aliyenilalisha kwake mwaka niliofika hapa na shati moja. Akageuka, akaambia watu kwa sauti: “Huyu muke iko na bahati. Shemeji hakumutupa.” Wazee wote wa kwetu wakatikisa kichwa. Nikamutazama muzee, nikatazama kitambaa, na mudomo wangu ukaenda peke yake: “Bibi anajibu: Ndiyo, shemeji. Karibu nyumbani.”

Wazee wakapiga makofi. Palepale juu ya kitambaa yule muke akachukua kofia, akamupatia mwenyewe, akafungua mulango.

Mama Nsimire, ambaye anauzisha samaki ndogo za sambaza hapa kwetu, akaita kutoka nyuma: “Mwalimu! Kama amemukaribisha, juu ya nini anamupatia kofia?”

“Anamutuma ku soko,” nikasema.

Mwanaume akapandisha masanduku yote matatu juu ya gari la farasi.

“Ku soko na masanduku?”

Gari likaenda, likawa kadogo, likapotea. Muke akavuna ngano, mvua ikanyesha, ngano ingine ikaota, mwanaume hakurudi.

“Mwalimu, ile soko iko Kisangani?”

Dada, walicheka mupaka padri akatoka nyuma ya mashini kuuliza kama filme imekatika.

Taa zilipowaka hakuna mutu aliyeondoka. Muzee Kitoga akasimama na fimbo yake. “Hii filme haijaisha. Bobini moja, ile ya mwisho, imepotea ku njia. Hadisi gani inaachia muke peke yake mu shamba?”

“Imeisha, Muzee,” Mama Nsimire akamujibu. “Ni weye ulikuwa unangojea harusi. Tangu mwanzo walituonyesha yule mama analima, bwana angali muzima. Mikono yake ilishasema.”

“Walifanya shemeji mubaya makusudi, na ile masharubu yake. Ni ujanja wa mwenye kutunga. Angekuwa mutu muzuri, mungesema nini?”

“Hata angekuwa malaika. Si alimuuliza? Mutu akiuliza, angojee majibu mbili.”

Bamama wakapiga kelele. Nikiri kwamba muzee naye alisema kitu: ni kweli masharubu yale yalikuwa mengi kupita lazima, na mutunzi mwenye nguvu angetupatia shemeji muzuri, tuone kama hapana ya yule muke ingesimama. Nilitaka kulisema hilo kama mwalimu. Sikupata nafasi, kwa sababu muzee alinigeukia.

“Mwalimu. Alisema nini kweli?”

“Alisema hapana, Muzee.”

“Na weye juu ya nini ulisema ndiyo?”

“Juu yako. Uliketi mbele.”

Watu wakacheka. Muzee alicheka pia, lakini kidogo, akaenda bila kuniaga. Siku ya Mungu iliyofuata alirudi katika banki ileile. Sasa nikitafsiri, anamugeukia Mama Nsimire: “Ni kweli?” Hiyo ndiyo sifa iliyobaki.

Muke wangu Mapendo alikuwa pia ukumbini siku ile ya kofia. Tulipofika nyumbani akasimama mulangoni, akaninyooshea kidole mufukoni: “Na dada yako, unamutafsiria nini?”

Basi nikukirie. Nilikuwa nimeanza kukuandikia. Barua ilisema shemeji yako ni mupole, ufikiri watoto, wazee wameona mengi. Ilikuwa na Kiswahili safi sana. Wewe uliandika hapana, mimi nikawa nataka kuisoma kwa sauti ingine, kwa sababu ya wazee wa banki ya mbele. Mapendo amewasha nayo moto wa maharagi.

Mahali pake naweka karatasi hii ndogo, isomwe mbele yao: “Wabiwa amesema hapana. Mimi kaka yake ninasema vile alivyosema.” Na siku ya kuondoa matanga nitakuja kuisema mwenyewe, bila mikro. Ukiniona ninaanza kukohoa na kutazama wazee, unikanyage muguu.

Umusalimie mama mukubwa anayetusukia vikapu, na mujomba wetu anayekaa karibu na kisima, na binti yako wa kwanza, umwambie kitabu chake cha kusoma ninacho. Mama Nsimire, ambaye hakujui, anakutumia sambaza zilizokauka vizuri. Umusalimie na shemeji yako. Kama alisahau kofia yake kwako, umupatie na mikono miwili.

Mimi kaka yako, aliyepungukiwa kifungo kimoja,

Kyalumba