Samahani Niliyoichelewesha

Mamdogo,

Leo ni Idi tatu na mikono yangu bado inanuka mchaichai. Nimeisugua kwa ndimu, nimeisugua kwa chumvi, wapi! Wenzangu wa chumbani hapa Muraqqabat, Dubai, wananiuliza nimepika nini, nikiwaambia nilikuwa kwa Wamalaysia wa mamangu mdogo wanaguna tu. Nakuandikia nimekaa kitandani, kwenye karatasi za pale hotelini ninapopokea wageni, zina nembo yao juu. Usinicheke. Madaftari ya dukani niliyoyaona yote yana picha za paka.

Nakuandikia kwa sababu sikukuaga. Siku waliyokuzika, sisi wanawake tulibaki nje ya ukuta wa makaburi, ndani ya gari, kiyoyozi kikivuma, mwanao Aina kakaa katikati yetu kaukumbatia mkoba wako. Bamdogo Azman alipotoka alikuwa na mchanga hadi kwenye nyusi. Nikajua basi, nafasi imepita. Kuna neno nilitakiwa kukuambia Idi ya mwaka jana na sikukuambia, na tangu hapo limenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Nitalisema. Lakini unanijua, bila kuzunguka kwanza sifiki.

Basi pokea habari za watu wako.

Kak Ros, shoga yako wa ghorofa ya pili, ndiye aliyeshika mapishi ya pamoja siku hizi. Anajitahidi, masikini, ila hana mdomo wako. Wewe ulikuwa ukipaza sauti mara moja, "Yalla kina mama, vitunguu havijimenyi!" na wote wanainama kumenya, pamoja na wale waliokuja kusalimia tu. Yeye anaomba. Kwenye kundi lenu la simu watu wanamjibu inshallah, halafu hawatokei.

Binti wa Mak Cik Limah, yule mama wa miwani mikubwa aliyekuwa akikuletea majani ya binzari ya manjano kutoka kwao, ameolewa. Wageni tuligawiwa mayai ya kuchemsha, kila mtu na yai lake ndani ya kikapu kidogo chenye ua la karatasi, kama ulivyonieleza kwamba ndivyo wanavyowatakia maharusi uzazi. Mimi langu nililila palepale mlangoni, kumbe watu huenda nalo nyumbani. Aina akaniangalia vile ulivyokuwa ukiangalia wewe mtu akila amesimama.

Na hili sijui nilianzeje. Jirani yenu wa ghorofa ya nne alirudi likizo na duriani, lile tunda lao la miiba linalonuka, lililogandishwa, akalifungua jikoni kwake. Harufu ikashuka ngazi zote. Mlinzi wa jengo akadhani gesi inavuja, akagonga mlango mmoja baada ya mwingine, watu wakatoka nje na joto lile, watoto na nguo za kulalia, mzee mmoja na sahani yake ya wali mkononi. Mwenye duriani naye akatoka, akasimama na wenzake kungoja mafundi wa gesi, hana habari kwamba gesi ni yeye. Ungecheka mpaka ukae chini, Mamdogo. Nilipohadithiwa nilishika simu nikupigie. Namba yako bado ninayo, sijaifuta.

Bamdogo yupo. Kiwandani wamempunguzia zamu. Hachezi tena badminton siku za Ijumaa. Anakwenda, anakaa kwenye benchi, anawahesabia wenzake pointi na anakosea, na hakuna anayemsahihisha. Ameanza kupika. Anatia sukari kwenye kila kitu.

Mimi nakukumbuka zaidi siku za Ijumaa. Ijumaa yangu ya kwanza kwako nilipanda metro, nikapanda basi, nikashushwa huko Dubai Investments Park katikati ya maghala na malori, nikasema huku ndiko alikoolewa mtu wa Tanga? Nikapandisha ngazi naogopa. Mlango ulikuwa wazi, na pale sebuleni juu ya magazeti ulikuwa umeketi kwenye mbuzi yako uliyoibeba kutoka nyumbani, unakuna nazi, na Wamalaysia sita wamekuzunguka kama wanaotazama mchezo. Wao walizoea nazi ya pakiti. Ulikuwa unawaambia kwa lugha yao, lakini kwa lafudhi yetu kabisa, kwamba ukikuna mpaka kwenye kifuu umeharibu tui. Mmoja akaomba ajaribu, akakata kucha yake ya bandia, ikatafutwa ndani ya nazi robo saa.

Siku ile ile walikufundisha kusuka ketupat, vile vifuko vya majani ya mnazi wanavyochemshia wali wa Idi. Wewe uliyesuka ukili kwa Bibi tangu una meno ya utoto! Kabla ya alasiri ulikuwa umewapita walimu wako, unawasahihisha vidole. Wakakupigia makofi. Mimi nilikuwa kwenye kona na sahani yangu, na sikupiga makofi. Nilikuwa na miezi miwili Dubai, silali kwa kukumbuka nyumbani, nimefika kwa mtu wangu pekee nikakuta ameshakuwa wa watu wengine. Niliona wivu, Mamdogo. Leo naweza kulitaja jina lake. Wakati ule niliuita uchungu wa ukoo.

Ndipo tunafika kwenye lile neno.

Mwaka jana, siku moja kabla ya Idi, tulikuwa jikoni kwako. Mama alikuwa ametoka kufanyiwa upasuaji wa jicho kule Tanga, na ulikuwa umeahidi kwenda kula Idi naye, wewe mdogo wake wa pekee. Halafu hukwenda. Ulibaki kwa sababu mwaka ule nyumba yako ndiyo ingefunguliwa wazi kwa wote, kama desturi yao, anayepita aingie ale. Nilikuwa nakoroga rendang, ile nyama inayochemka kwenye tui saa nne nzima mpaka tui likauke libaki mafuta. Mikono iliniuma, na funga ilikuwa imenishika kichwani. Nikaanza kusema. Nilisema kwa Kiswahili mbele ya kina mama wale, nikijua hawaelewi, hiyo ndiyo raha mbaya ya lugha yako ugenini. Nilikwambia kwenu umeshakutupa. Nilikwambia dada yako anapapasa ukuta na wewe unapikia watu baki. Na nikaongeza kwamba hata ukifa, hawahawa ndio watakaokuzika.

Na ndio waliokuzika.

Uliuchukua mwiko nilioutupa, ukaufuta, ukaninyooshea tena. "Koroga, Rehema, itashika chini." Nikauacha mkono wako hewani, nikabeba mkoba wangu nikatoka. Kufika mlangoni nikamkuta Aina amesimama na majani ya mnazi kifuani. Nilikuwa nimemsahau. Kina mama wale hawakuambulia neno, lakini huyu mtoto ulimlea kwa Kiswahili tangu tumboni, na kila nililosema lilikuwa limemwingia.

Kesho yake ilikuwa Idi. Ulishanieleza asubuhi hiyo ilivyo kwao: kabla ya kula chochote, mkubwa anakaa kwenye kiti, mdogo anapiga magoti, anabusu mkono wake, anaomba asamehewe makosa yote ya mwaka, ya dhahiri na ya batini, na mkubwa naye anamwomba vivyo hivyo. Ulisema sisi Waswahili tunapeana mikono na kuulizana pilau liko wapi, wenzetu wanaanza kwa kusafisha nyumba ya ndani. Ulinipigia simu mara mbili asubuhi ile. Niliitazama ikiita. Nilikuwa nimevaa tayari, nguo mpya, viatu miguuni, nimekaa juu ya kitanda hikihiki. Nikasema nitakwenda Ijumaa. Ijumaa ikapita nikasema ijayo. Aibu nayo ina uvivu wake.

Zilipita Ijumaa kumi na moja. Kisha Bamdogo akanipigia kwamba umeanguka. Siku tatu pale hospitali nilizungumza na sikio lako, nikakueleza yote, lakini mashine ndizo zilizonijibu.

Na bado kuna la kunimaliza. Baada ya arobaini nilimpigia Mama, nikamweleza tuligombana kwa ajili yake. Nikamsikia akivuta kiti, akakaa. Kisha akasema, "Mimi ndiye niliyemkataza asije. Nilimwambia watu umeshawaalika, usiwavunjie. Jicho langu litapona tu." Kumbe ulikuwa na jibu mkononi siku ile, Mamdogo. Ungeweza kunifunga mdomo kwa neno moja mbele ya wote. Ukaona bora unipe mwiko. Nimelia sana kwa hilo kuliko nilivyolia msibani, na sijui kama nililia kwa huzuni au kwa hasira juu yako. Mbona hukusema?

Mwaka huu Bamdogo alinipigia mwenyewe. "Njoo usuke," akasema, "wewe damu yake." Sikuwa na ujasiri wa kukataa. Majani ya mnazi tuliyapata Bur Dubai, kwa Wahindi wanaouza vyakula vya kwao, yamekaukakauka. Kina mama wakanipisha niketi katikati kwa heshima kubwa, wakingoja vidole vyako vitokee kwangu. Nilisuka thelathini. Zote zilifunguka ndani ya sufuria, wali ukawa uji, na Kak Ros akaondoa kwa upawa kipande kimoja kimoja cha jani kwa upole ulioniumiza kuliko matusi. Zilizoshika ni za Aina peke yake. Alikaa mbali nami jioni nzima na aliponisemesha, alinisemesha Kiingereza, kana kwamba mimi ni mgeni wa hotelini.

Nikalala pale kwenye kochi lako. Asubuhi, waliporudi kutoka msikitini, Kak Ros akanishika mabega akanikalisha. Akasema sasa mimi ndiye mwanamke mkubwa wa nyumba hii, nikae watoto wanisalimie. Mimi, Mamdogo! Mtu niliyekimbia magoti yangu mwenyewe. Wakaja watoto wa majirani, wakanibusu mkono harakaharaka wakiwazia biskuti. Mwishoni akaja Aina, na lile gauni refu la kijani ulilomshonea na kuacha pindo pana ili akue nalo. Limemtosha sasa. Amefika miaka kumi na moja, na ana magoti yako makavu.

Kabla hajainama, nikashuka. Nilipiga magoti kwenye zulia nikawa mfupi kuliko yeye. Nyuma yangu Kak Ros akashtuka, maana kwao mkubwa hamwangukii mtoto. Nikaushika mkono wa Aina nikaubusu, nikasema kwa Kiswahili, polepole, kama nilivyotakiwa kukuambia wewe. Nisamehe ya dhahiri na ya batini. Niliyomwambia mama yako yalikuwa ya uongo, na wewe uliyasikia, na nilijua umeyasikia, na nikakaa kimya mwaka mzima.

Jibu la desturi linajulikana, Mamdogo, ni maneno machache, hata mtoto wa miaka mitatu anayajua. Aina hakuyasema. Alinitazama kwa jicho lako la kuonja chumvi. Kisha akasema, kwa Kiswahili, kilekile chako cha Tanga:

"Bado, Dada Rehema. Sijamaliza kukasirika."

Bamdogo akataka kumkemea. Nilimwomba amwache. Nilikuwa nimekwenda pale kutafuta samahani ya haraka, niimeze na biskuti nirudi Muraqqabat nimepona. Kumbe yule mtoto ndiye mtu wa kwanza kunichukulia kwa uzito tangu ufe. Wengine wote walishanisamehe bila kuniuliza nilifanya nini. Alinivuta mkono nikainuka. Hakuniachia mara moja.

Basi nakuaga, Mamdogo, leo, kwa kuchelewa, kama kawaida yangu. Mungu akupanulie ulipolala, na wale waliokulaza hapo awalipe mema, maana walikuwa ndugu zako na mimi nikawaita watu baki. Wewe sikuombi samahani. Ninavyokujua ungenipa kabla sijafunga mdomo, na hiyo haitanisaidia. Nitamwomba aliyesema bado. Ijumaa hii nakwenda, na Ijumaa ya pili, na hata siku baba yake akiamua kumrudisha kwao Malaysia nitatafuta njia ya kumfuata na swali langu. Nitamuuliza mlangoni, kabla sijavua viatu. Akisema bado, nitaingia hivyohivyo, nitaosha vyombo, nitamsuka nywele akinipa kichwa chake, na nitarudi Ijumaa inayofuata.

Mwanao,
Rehema