Injini ya Tabo na Shikamoo Iliyowafikia Mbuzi

Mpendwa Mshauri, shikamoo, na iwapo mimi ndiye niliyekuzidi umri, naomba radhi na uipokee hivyo hivyo. Naomba msaada wako kwa haya nyingi, kwa kuwa nina miaka sabini na mmoja, ni mgane tangu marehemu Bibiana aitwe na Mungu, naishi hapa Chiwata na Peugeot 404 niliyoinunua nikiwa mwalimu kijana, na nimempenda, samahani kwa neno hilo, Bibi Flora wa Kitangari, mjane mwenzangu; lakini kila nilipopanda mlima kwenda kumwona gari lilichemsha, nikalazimika kumwomba maji ya rejeta, yale yale aliyoyabeba kichwani kutoka mbali, hata siku moja akaniuliza kwa upole, “Baba Emmanuel, umekuja kunichumbia au kunywesha gari?”

Kwa aibu nililipeleka gari kwa fundi Ashiru pale Masasi, akaing’oa injini ya zamani na kuweka nyingine ya kisasa yenye tabo, kile kifaa cha kuipa injini nguvu ya ghafla, akanionya nikanyage mafuta taratibu.

Zamani, Mshauri, niliamkiana na kila mtu kando ya barabara, tukaulizana habari za watoto na za mikorosho, naye akitembea sambamba na dirisha langu. Sasa jibu la mtu hunikuta nimeshafika kwa mwingine. Alhamisi iliyopita nikienda kuposa, kwenye kona ya mwisho nilimwona Mzee Yohana, kaka yake Flora, mwenye miaka themanini na mmoja na kauli ya mwisho katika familia ile, amesimama kunipokea. Nikavua kofia, nikaanza shikamoo, tabo ikashika, gari likachomoka, na shikamoo yangu ikamalizikia kwa mbuzi waliokuwa mbele yake. Nilipogeuza gari alikuwa ameshaingia ndani, akasema kupitia mlangoni, “Mwambieni anayeamkia mbuzi akapose huko huko.”

Injini ya zamani nimeilaza sebuleni na kuifunika shuka, na Ashiru yuko tayari kuirudisha. Nakiri pia, Mungu anisamehe, kwamba mwendo ule nimeupenda. Je, niirudishe, au nimkose Flora? Niwie radhi kwa urefu wa barua.

Dastani, Chiwata

*

Mzee Dastani, shikamoo ni yako, mimi mdogo. Pole sana, na sasa nivumilie nikugombeze. Injini haijamkosea mtu. Wewe ndiye uliyemwamkia mtu aliyekuzidi miaka kumi ukiwa umeketi, mguu kwenye mafuta. Hata zamani ulikosea vivyo hivyo, ila watu walikusamehe kwa sababu ulikuwa huwezi kuwakimbia.

Usiirudishe. Ukiirudisha, Flora atateka tena maji ya gari, na safari hiyo hatakuuliza kwa upole. Hiyo ya sebuleni mpe Ashiru. Usimwekee mama wa watu mke mwenza wa chuma.

Jumamosi asubuhi panda na mtu mzima wa kanisani kwenu. Kabla ya kona ya mwisho zima gari, mpe yeye ufunguo, na umalizie kwa miguu. Ukifika kwa Mzee Yohana usieleze habari za tabo. Vua kofia, inama, sema shikamoo yote, kisha nyamaza. Atachelewa kukujibu, tena makusudi. Mwache achelewe, hata jua likuchome. Marahaba ikishatoka, usitaje posa mpaka yeye mwenyewe akuulize mbona umekuja kwa miguu.

Mama Nancy