Pipa la Sadaka

Mapinga, 4 Mei 2025

Shikamoo Ami Abdulazizi,

Natumai u mzima, wewe na Bi Saida. Huku karakana tunasema hatujambo kwa mdomo tu. Kuruthumu, anayepaka milango dawa ya mchwa, viganja vimembabuka na kifua kinambana. Naye ni mjamzito. Nilipotaka kusoma onyo kwenye pipa la dawa, nilikuta lebo imekwanguliwa. Fundi Kitwana akacheka: "Katibu, pipa lenye alama ya fuvu nani atalitaka?" Kumbe mapipa yakiisha dawa yanagawiwa watu watie maji! Ami, wewe ndiye mwenyekiti wa ushirika. Simamisha kazi hiyo mpaka tujue tunapaka nini.

Mwanao,
Mardhiya

Bagamoyo, 9 Mei 2025

Mwanangu Mardhiya,

Marahaba. Sisi wazima, ila mguu wangu ndio ule ule. Usitishe watu. Dawa hiyo nimeipaka tangu ujana, na ugali bado naumaliza. Kuruthumu ajifunge kanga puani, anywe maziwa. Mapipa tunayasuuza kwa majivu na malimau. Lile la buluu nimelipeleka madrasa mwenyewe, watoto watawadhie, thawabu imfikie marehemu bibi yako. Sadaka nayo ina kosa?

Ami yako,
Abdulazizi

Hospitali, 23 Mei 2025

Shikamoo Ami,

Nimekaa na Kuruthumu. Mimba ipo, pumzi ndiyo taabu. Isome hii kwenye mkutano wa ushirika, neno kwa neno.

Sheikh wetu, wazee, Mwenyekiti, mafundi, na kina mama mliokaa nyuma: Assalamu alaykum.

Watoto wa madrasa wamebabuka usoni na mikononi, pale pale yapitapo maji ya udhu. Sumu iliyokwisha kuingia kwenye plastiki haiondolewi na limau. Nani alikwangua fuvu? Sisi. Tumeificha sumu, kisha tukaitoa kwa jina la Mungu! Na mjamzito tukamwagizia maziwa, kana kwamba kosa ni la tumbo lake. Kanga haizuii mvuke.

Kama ipo dawa isiyodhuru, tuinunue hata kwa bei ya kuuma. Ikikosekana, hii ipakwe nje penye upepo, lebo ikiwa mahali pake, kwa glovu madhubuti, na mjamzito asiisogelee. Hayo mtayajadili.

Moja halina mjadala. Msifunge kikao kwa dua mkiwa mmekaa. Inukeni, Mwenyekiti atangulie na msumari, mkalitoboe pale madrasa pipa la bibi yangu. Dua mtaisoma mkirudi.

Mwanao,
Mardhiya, Katibu