Kushoto Ndiko Ninakoweka Simu

Ghorofa ya pili, juu ya duka la vitambaa
Jumapili, 12 Julai

Mpendwa mdogo wangu Kelele,

Hujambo wewe, wifi na pacha wenu? Kifua kimepona, au bado unakohoa huku ukijifanya mzima? Mimi nashona kama kawaida. Nyumba tu ndiyo imekuwa kubwa. Tangu shemeji yako atutoke, naongea na cherehani, nayo haina majibu.

Majibu ya kile kipimo cha kichwa, MRI, yametoka. Kuna uvimbe mdogo, kama kifungo cha shati, kwenye neva ya sikio. Daktari anasema si saratani, na hukua polepole. Ndio unaoniletea kizunguzungu.

Sasa ucheke. Nilipewa picha kabla ya kumwona daktari, nikazibandika dirishani nizisome mwenyewe. Nikaona doa upande wa kulia. Wiki nzima nikaliaga sikio la kulia, ambalo ni zima kabisa! Daktari akaniambia, "Mama, hapo ni kama mmetazamana na mtu. Kulia kwako ndiko kushoto kwake." Mimi huyu, ninayewapima wateja uso kwa uso kila siku! Nilicheka hadi nyumbani, nikakosa wa kucheka naye.

Kushoto ndiko ninakoweka simu ukinipigia, ili mkono wa kulia uendelee na kazi. Miezi yote hii sauti yako ilikuwa ikififia, nami nikasema moyoni, Kelele amenichoka, siku hizi ananong'ona. Nikanuna, nikaacha kukupigia. Kumbe wewe ulikuwa ukisema vilevile.

Njia ni mbili. Nipasuliwe sasa, na sikio hilo huenda lisisikie tena, au nisubiri nipimwe upya baada ya miezi sita. Daktari aliuliza nina nani wa kushauriana naye. Nikasema nina ndugu, nikainuka haraka asije akaniuliza yuko wapi.

Nimeamua kusubiri. Naogopa, sikufichi. Lakini usikivu uliobaki nataka niutumie, si kwa cherehani.

Nisalimie wifi, na pacha uwabusu kwa niaba yangu. Mungu awafunike nyote. Nawe njoo kabla ya kipimo hicho, Kelele. Kaa kushoto kwangu, useme lolote. Nikikuuliza, "Unasemaje?", usichoke kurudia.

Ni mimi dada yako, nikupendaye daima,
Fundi